Madeni yamekubana? Anza na anayeweza kukunyang'anya, si anayepiga kelele

Nilikuwa afisa mikopo Mwanza kwa miaka sita. Nilizunguka na daftari Igoma, Buzuruga, Mabatini, na zaidi ya kote Mwaloni Kirumba, ambako kina mama wa dagaa walinijua kwa mlio wa pikipiki. Wengine wakiusikia waligeuza kapu na kupotelea nyuma ya magunia. Sikuwalaumu. Taasisi niliyofanyia kazi siitaji hapa, maana ninayoyasema yanafanana karibu kila ofisi ya marejesho kati ya Nyegezi na Kisesa.

Wadaiwa wengi niliowaona hulipa kwanza anayewapigia simu mara kumi kwa siku, kisha anayewatukana, kisha jirani anayenuna. Mwenye hati ya kiwanja chao kabatini huwa kimya, basi anawekwa mwisho. Siku moja barua inaletwa mlangoni, na hapo ndipo mtu anakimbilia ofisini na elfu ishirini mkononi. Mwongozo huu umejengwa juu ya kugeuza mpangilio huo.

Hatua ya 1: Funga bomba, halafu andika

Kabla ya lolote, acha kukopa huku ulipe kule. Najua ni rahisi kusema. Lakini kila nilipomkuta mtu ana mikopo mitano, mitatu ilikuwa imechukuliwa kulipa miwili ya kwanza.

Nunua daftari la shilingi elfu moja. Kila deni lipe ukurasa wake: nani anakudai, kiasi kilichobaki, rejesho ni kiasi gani na siku gani, uliweka dhamana gani, na nani alikudhamini. Usikadirie kwa kichwa. Nenda ofisini uombe taarifa ya mkopo wako iliyochapishwa na nakala ya mkataba, ni haki yako kuwa nayo. Watu wengi huniambia nimebakiza laki nne, tukifungua mfumo tunakuta laki sita, kwa sababu faini za kuchelewa hawakuzihesabu. Mara moja moja huwa kinyume: rejesho lililipwa kwa wakala na halikuingizwa. Ndiyo maana risiti na ujumbe wa simu usifute.

Andika yote, hata ya shemeji, hata ya duka la Mangi, hata mali kauli, yaani mzigo uliochukua kwa neno tu ukalipie ukishauza. Deni unaloona aibu kuliandika ndilo litakaloharibu hesabu yako.

Hatua ya 2: Jua bei halisi ya kila deni

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni la wanaopokea amana, kama benki za huduma ndogo. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii, yaani vikoba na ndugu zake. Kausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wakiwa wamesajiliwa, wako daraja la pili, na kikomo cha riba kilichowekwa na Benki Kuu (BoT) kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Sasa chukua mkopo wa mtaani wa kawaida. Unaambiwa laki moja, unakatwa 5,000 ya fomu, unaondoka na 95,000. Unarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla 135,000. Umelipa 40,000 juu ya 95,000. Tena hukukaa na hela hiyo mwezi mzima, kwa sababu kufikia siku ya 15 ulishawarudishia 67,500. Kwa kikomo cha BoT, riba ya laki moja kwa mwezi ni 3,500. Weka namba hizo mbili pamoja kwenye daftari uzitazame.

Hata kwenye taasisi halali, uliza swali moja: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya kilichobaki? Milioni moja kwa miezi 6, asilimia 3.5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 210,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, huku mtaji ukilipwa sawasawa kila mwezi, ni 122,500. Asilimia ni ileile na karatasi inafanana. Sisi maafisa tulifundishwa kutaja asilimia tu na kunyamaza.

Kuhusu mikopo ya kwenye programu za simu: Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kabla hujaendelea kuwalipa faini za ajabu ajabu, angalia kama aliyekukopesha ana leseni. Mtaji uliochukua unadaiwa, hilo sikudanganyi. Riba ya kujitungia ndiyo ya kubishania.

Hatua ya 3: Yapange kwa hatari

Juu kabisa weka deni linaloshikilia nyumba au kiwanja. Hapa soma mkataba kwa macho yako mwenyewe, na kama macho yamechoka tafuta mwanao anayesoma akusomee. Kuna mchezo nimeuona zaidi ya mara moja: mkopeshaji binafsi hakusainishi mkataba wa mkopo, anakusainisha hati ya mauziano. Kwa karatasi hiyo hukukopa milioni tatu, uliuza kiwanja kwa milioni tatu. Ukiona neno "muuzaji" mbele ya jina lako, usisubiri hatua ya nne, mtafute mwanasheria leo.

Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja aiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwenzi ambaye hakusaini ana hoja mahakamani, lakini awahi kuitoa, asingoje siku ya mnada. Na kwa rehani ya ardhi iliyofuata sheria, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza, na mnada wenyewe utangazwe hadharani siku 14 kabla. Siku hizo ni za kuhangaika kutafuta suluhisho. Wengi huzitumia kwa maombi peke yake.

Pili, deni linalogusa kinachokuingizia riziki. Pikipiki ya mkataba, friji la samaki, cherehani, mashine ya kusaga. Hapa naweka pia mali kauli, na wengi hushangaa. Yule anayekushushia gunia la dagaa kutoka Ukerewe bila hela, kwa neno lako tu, hana karatasi, hana dalali, wala hakupigii kelele. Ila ukimchezea, asubuhi unaamka huna mzigo. Madeni mengine yote yanalipwa na mzigo huo.

Tatu, mkopo wa kikundi. Ukikwama, wenzako wanachangishana palepale kwenye kikao kabla afisa hajaondoka. Hakuna hati inayopotea, lakini watakaokuzika wewe ni hao.

Chini yao ndipo wakae wenye kelele: wa programu za simu, rafiki, duka. Chini haina maana ya kusahau, maana yake kuwaambia tarehe na kuitimiza. Isipokuwa deni la simu la aina ya Songesha, ambalo hujilipa lenyewe kila hela inapoingia kwenye laini. Mteja anakutumia elfu kumi ya sato, inamezwa. Kama ni dogo, lifute mapema ili simu yako irudi kuwa duka.

Watumishi wa umma, kuna moja la kwenu. Nimewaona walimu wanaoacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, yeye ndiye anatoa mshahara tarehe 24 na kuwapa kilichobaki. Omba kadi mpya benki na ubadilishe namba ya siri, kisha nenda ukazungumze naye mkiwa wawili mnaodaiana, si mmoja akiwa amemshika mwenzake mfukoni. Na fahamu kwamba makato ya mshahara yasile zaidi ya theluthi mbili, theluthi moja ibaki kwako. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile asilimia 15 ya mshahara ihesabu kwanza.

Hatua ya 4: Hesabu kwa mwezi wa angani

Hapa ndipo mikopo yetu ya kanda ya ziwa inapokosewa tangu siku ya kusaini. Rejesho ni la kila wiki. Dagaa si wa kila wiki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapaki. Siku kama kumi hivi Mwaloni panapoa. Ikija mvua, dagaa hawakauki kwenye vichanja, wanauzwa bei ya chakula cha kuku. Aliyetunga ratiba ya marejesho alikaa ofisini na kalenda ya ukutani.

Nikupe hesabu ya mama mmoja, namba nimezirahisisha. Siku za giza anabaki na faida ya 15,000 kwa siku, kwa siku 18: 270,000. Nyumbani anatumia 6,000 kila siku, siku 30: 180,000. Kinachobaki ni 90,000. Rejesho la kikundi ni 35,000 kwa wiki, sawa na 140,000. Pengo ni 50,000 kila mwezi, na pengo hilo ndilo lililompeleka kwa kausha damu. Hakuwa mzembe wala hakununua madera. Alikopa rejesho lisilolingana na ziwa.

Madeni yake: kikundi 600,000, kausha damu 90,000, simu 40,000, mali kauli 120,000, shemeji 200,000. Tuliuza cherehani lililokuwa limefunikwa na kanga tangu binti aolewe, likatoa 150,000. Likamaliza kausha damu na simu, na 20,000 ikaenda kwa mwenye mzigo. Ile 90,000 ya mwezi tukaigawa: 60,000 kikundi, 20,000 mali kauli, 10,000 inabaki kwenye kopo. Mali kauli ingeisha kwa miezi mitano, kikundi kumi. Shemeji alipelekewa kilo mbili za dagaa na maneno ya kweli. Alinuna wiki moja.

Ile elfu kumi ya kopo usiiguse kwa kuona ni ndogo. Mtoto akiugua usiku, ndiyo inayokuzuia kurudi kwa kausha damu.

Wa bodaboda, wa machimbo, wa mahindi ya Sengerema, fanyeni hesabu hiyohiyo kwa majira yenu.

Hatua ya 5: Nenda kabla ya siku ya rejesho

Afisa mikopo anapimwa kwa wateja waliochelewa. Ukija Jumatatu, kabla ya rejesho la Alhamisi, bado wewe ni mteja mzuri mwenye shida, na ana nafasi ya kukuombea kwa meneja. Ukija baada ya wiki tatu za kuzima simu, jina lako lishapanda kwenye orodha na hana la kukutetea.

Usiende na machozi matupu, nenda na daftari. Mazungumzo yaliyofanikiwa yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja mapema, nisikufiche. Thelathini na tano kwa wiki siiwezi. Tazama hapa."

"Mama, ratiba haibadilishwi hivihivi."

"Sikatai. Naweza elfu ishirini kwa wiki tatu za giza, ile ya mbalamwezi niache. Niongezee miezi, na faini mnisimamishie. Leo nimekuja na ishirini ya kwanza."

Ile ishirini ya kwanza ndiyo iliyozungumza. Omba vitu vitatu kwa majina yake: kuongezewa muda, kupunguziwa rejesho, kusimamishiwa faini. Wakikubali, usitoke bila karatasi yenye mhuri. Makubaliano ya mdomo huondoka na afisa anapohamishiwa Geita. Na uulize waziwazi: muda ukiongezwa, riba jumla itakuwa kiasi gani? Wakati mwingine nafuu ya mwezi inakugharimu laki mbili mbele. Unaweza kukubali, ila ukubali ukijua.

Wakikataa, andika barua ileile, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiona wanavunja mkataba au riba imepita kikomo, lalamika kwao kwa maandishi kwanza, kisha BoT, ambayo ina tawi hapa Mwanza. Mambo ya SACCOS yanakwenda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Hatua ya 6: Vyanzo vya kulipia, na vya kuviogopa

Kuuza kitu ni njia safi, ila uza kisichozalisha. Nimeona mtu anauza mtumbwi kulipa deni la sherehe ya kipaimara.

Kama una hisa kwenye kikoba, uliza kama katiba yenu inaruhusu kukata deni kwenye hisa bila kusubiri mgawo wa Desemba. SACCOS au benki inaweza kununua madeni yako ya bei mbaya ikakuachia moja lenye riba ndogo. Hii inafaa kwa sharti moja: hela itoke kwao iende moja kwa moja kwa wanaokudai. Ikipita mkononi mwako, itapata kazi nyingine.

Kikao cha familia nakipendekeza kuliko watu wengi wanavyopenda. Mume ambaye hajui mkewe ana vikundi vitatu, au mke ambaye hajui kadi ya pikipiki iko kwa mkopeshaji, hawawezi kubana matumizi pamoja. Ita mjomba au shangazi anayeheshimika, weka daftari mezani.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), ilisimamishwa 2023 na ikarejea 2024. Ni ya vikundi na ni ya mradi. Ukiichukua ulipie madeni, umeongeza deni la serikali na hasira za wenzako.

Hatua ya 7: Wakija mlangoni

Kukopa kwa makubaliano na kushindwa kulipa ni shauri la madai. Polisi si wakusanyaji wa marejesho. Linageuka jinai pale ulipodanganya: uliweka hati isiyo yako, au uliuza kwa siri kitu ulichokwisha kukiweka dhamana. Ukipewa wito wa mahakama, nenda. Asiyekwenda hukumu inasomwa bila yeye, na hoja zake zote nzuri zinabaki nyumbani. Mahakamani unaweza kuomba kulipa kwa awamu, na hapo daftari lako ni ushahidi.

Kifungo cha madai kipo, watu wasikudanganye kwamba hakipo. Lakini kinatokana na amri ya mahakama baada ya hukumu, hakizidi miezi sita, na anayekudai ndiye hugharamia matunzo yako humo. Hata dalali mwenye amri halali ya kukamata mali hana ruhusa ya kubeba nguo zenu za kuvaa, vyombo vya kupikia, matandiko, wala zana za fundi anazofanyia kazi. Asiye na amri, mwambie asubiri nje na umwite mwenyekiti wa mtaa.

Wanaotuma picha yako na neno "tapeli" kwa majina yote ya kwenye simu yako wanagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hifadhi ujumbe wote, usijibu matusi, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watangulie pia: waambie ndugu na wateja wako mwenyewe kabla picha haijawafikia.

Kufilisika kisheria kupo, Sheria ya Ufilisi Sura ya 25, na kunapitia Mahakama Kuu. Kwa madeni ya laki na milioni chache, gharama na usumbufu wake havilipi. Ni njia ya wenye madeni makubwa na mali za kugawana.

Hatua ya 8: Ukimaliza, chukua karatasi zako

Rejesho la mwisho halimalizi kazi. Siku hiyohiyo omba barua ya kumaliza deni, yenye jina lako lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya mkopo na mhuri. Dai hati, kadi ya pikipiki, hundi au karatasi yoyote uliyosaini ikiwa wazi. Kama kulikuwa na rehani iliyosajiliwa, hakikisha imefutwa kwenye ofisi ya ardhi, kurudishiwa hati mkononi hakutoshi. Baada ya mwezi au miwili, omba ripoti yako kwa taasisi za taarifa za mikopo, Creditinfo au Dun & Bradstreet, uone kama deni limeandikwa limelipwa. Likiwa bado linasoma unadaiwa, barua ile ndiyo ya kupeleka. Wapelekee nakala, halisi ibaki kwako, kwenye mfuko wa nailoni, mbali na dari linalovuja.